Perusi na machela aliyoinadi kanisani

Saa moja na robo asubuhi, ukungu bado haujaamua kuondoka kwenye soko la Nyamirindi, na Perusi Kobusheshe anachambua viazi. Vilivyokatwa na jembe anavitupa kando, vidogo vya mbegu anavitia kwenye ndoo, vikubwa anavipanga juu ya debe mpaka vinachomoza kama kichuguu. Vidole vyake vimepasuka kwa baridi.

Mteja anasimama. "Debe bei gani, nyabo?" Ndivyo mama huitwa kwa heshima huku.

Perusi anajibu. Mteja anainama na kutega sikio. "Umesemaje?"

"Elfu kumi na nane," anarudia, kwa sauti ile ile ya chini.

Mama Aheebwa, muuza kabichi wa meza ya jirani, anashindwa kuvumilia. "Perusi, viazi vyako vimefiwa? Wewe uliyekuwa ukikohoa hapa, watu wa kilima cha pili wanaitika 'karibu'! Leo unauza kama unamnong'oneza mtu siri za mumewe."

Soko linacheka. Perusi naye anacheka kidogo, kwa mdomo tu, kisha anainamia debe lake.

Ana miaka arobaini na saba, mjane, mama wa watoto wanne. Siku nzuri hurudi nyumbani na faida ya shilingi elfu kumi na mbili za Uganda. Siku mbaya hurudi na gunia lake mwenyewe kichwani. Hata hivyo, hapa milimani Kigezi, Perusi hakujulikana kwa viazi. Alijulikana kwa sauti.

Kwa miaka kumi na tano ndiye aliyekuwa mnadi wa kanisa lao. Jumapili ya mavuno watu walipoleta walichonacho, yaani maboga, mtama, mikeka na kuku waliofungwa miguu, Perusi alisimama mbele na kuvinadi mpaka waliokuja na nia ya kutoa elfu mbili wakatoa elfu ishirini huku wakicheka.

"Bati unazoziona juu ya kanisa, tangi la maji pale shuleni, nyumba ya mwalimu, vyote vimepita kooni mwangu," anasema, akijigusa shingo.

Na mnada wa kilimani una adabu yake. Mtu hununua jogoo, akalipa, kisha akasema, "Namrudisha kwa Mungu." Jogoo anauzwa tena. Wa pili naye anamrudisha. Kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa zaidi, ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mtu kukibeba kwenda nacho nyumbani. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo popote. Mtoto huizoea akiwa mgongoni mwa mama yake, kama anavyozoea harufu ya bushera, ule uji wa mtama uliochachuka.

"Kuna jogoo nilimuuza mara sita," Perusi anakumbuka. "Mara ya sita jogoo mwenyewe alikuwa amechoka, amelala, anasubiri tumalize."

Ni adabu hiyo iliyomponza.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi Julai, watu wa kilimani walikuwa wakichangia barabara. Walitaka kukodi katapila lichimbe njia kutoka kituo cha afya kilichoko bondeni hadi juu kanisani, kilomita nne za kona na mawe. Zilihitajika milioni kumi na nne. Baada ya mwaka mzima wa kuuza maharage na kuombaomba jamaa walioko mijini, walikuwa na milioni kumi na mbili. Na mwenye katapila alikuwa amesema wazi: mwisho wa mwezi anahamia wilaya nyingine.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mwisho. Wageni walikuja kutoka Kabale, Mbarara, hata Kampala. Perusi aliuza kila kilicholetwa, akauza hata kofia ya mwinjilisti. Fedha zilipohesabiwa, akaambiwa bado milioni moja na laki nane. Wageni walikwisha kuanza kutafuta funguo za magari mifukoni.

Hapo macho yake yakapanda juu, chini ya paa la upande wa kanisa, ambako engozi ilikuwa ikining'inia kwenye kigingi.

Engozi ni machela ya kusukwa kwa mianzi na kamba, ndefu kama mtumbwi, yenye kingo zinazoinuka pande zote ili imkumbatie mgonjwa kama mbeleko inavyomkumbatia mtoto. Wanaume wanne huibeba kwa mipini miwili mirefu. Ile ya kilimani kwao ilikuwa na umri wa miaka thelathini. Ilikuwa imeshusha wagonjwa, imepandisha maharusi, imewapeleka wazee wengi makaburini. Kila nyumba katika chama cha engozi ilitoa mwanamume wa zamu, na asiyebeba wenzake alijua kwamba naye siku yake hatabebwa.

"Nikasema, ishusheni," Perusi anasimulia. "Watu wakapiga kelele za furaha. Walijua mchezo. Nani angeichukua engozi? Tungeiuza mara tatu, mara nne, jioni tunairudisha mahali pake na barabara tumepata."

Alishika kipaza sauti. Mpaka leo kuna watu wanaoyakariri maneno yake: "Nani hapa baba yake hakulala humu? Nani hapa mama yake hakushushwa na hii akiwa na wewe tumboni? Leo unaulizwa bei ya mgongo wa jirani yako!"

Mwalimu mkuu akainunua laki mbili, akairudisha. Wanawake wa kwaya wakachanga, wakainunua laki tatu, wakairudisha. Kisha akasimama Bwana Arinaitwe, mwenye nyumba ya wageni Kampala. Baba yake alitoka kilimani, lakini yeye alizaliwa na kukulia mjini.

"Milioni moja na nusu," akasema.

Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wakakimbia. Watu walimbeba Perusi juujuu. Barabara ilikuwa imepatikana, na chenji imebaki.

Bwana Arinaitwe alilipa noti zake, akapeana mikono na kila mtu. Hakusema kwamba anairudisha. Aliwaita vijana wawili, wakaipandisha engozi juu ya gari lake, wakaifunga kwa kamba.

"Nilidhani anatania," anasema Perusi. "Nikasema moyoni, atazunguka kanisa mara moja, atairudisha. Mwenyekiti wa chama cha engozi akanitazama. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, na kilikuwa kinawaka. Ilitosha niseme, 'Sebo, bwana wangu, kwetu huwa tunairudisha.' Watu wangecheka, naye angecheka, yakaisha. Nikatazama viatu vyangu."

Anatoa kiazi kimoja kwenye debe, anakirudisha.

"Usidhani niliogopa. Niliona aibu kumsahihisha mgeni aliyetoa fedha nyingi vile. Tena, nisiwe mwongo, nilikuwa nimelewa sifa. Bei kama ile sikuwahi kuifikisha maishani. Sauti yote ile, miaka yote ile, na siku lilipotakiwa neno moja tu, nikalimeza."

Gari likaondoka. Watu walipunga mikono.

Katapila lilikuja, na barabara ikachimbwa. Pikapu ya kwanza ilipofika juu, wazee waliigusa mabati kama wanapapasa ng'ombe wa mahari. Kwa zaidi ya mwaka mgonjwa alishushwa kwa nusu saa. Aliyezungumzia kusuka engozi nyingine alichekwa: ya nini tena, ya kubebea viazi? Chama kikaacha kukutana. Orodha ya zamu ikaliwa na panya kwenye kabati la kanisa.

Novemba ya mwaka juzi mvua ilinyesha siku tisa bila kupumua. Siku ya kumi ubavu wa kilima ukaporomoka na kumeza barabara, mahali pawili.

Siku hiyo ndiyo Jovanisi, mke wa mpwa wake Perusi, aliyoanza uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kufikia saa sita mchana wanawake waliokuwa naye wakaona mambo hayaendi inavyotakiwa. Pikapu ikapigiwa simu. Dereva akafika kwenye maporomoko, akaacha gari, akapanda kwa miguu kuja kuomba radhi.

"Wanaume wakaulizana, tunambeba na nini?" anasema Perusi. "Kila mmoja aligeuka akatazama ukutani kwa kanisa. Kile kigingi kilikuwa bado pale, kitupu."

Waling'oa mlango wa ghala la viazi la Perusi. Wakamlaza Jovanisi juu yake, wakamfunga kwa kanga na kamba ya mbuzi. Wanaume waliopatikana walikuwa watano tu. Zamani mtu mmoja alitangulia akiita nyumba kwa nyumba, na kila kona walitoka wanaume wapya kupokea mipini. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka kutangulia.

Jovanisi, mwenye miaka ishirini na minne, anazungumza huku akimenya maharage mabichi kibarazani kwake. Anazungumza polepole, bila kukwepa.

"Mlango ni mlango. Hauna ukingo. Kila walipoinama mimi nilikuwa nateleza. Shangazi alikuwa pembeni na mwavuli, kila hatua ananiambia, pole mwanangu, pole mwanangu. Nikamwambia, shangazi, acha pole, nihesabie kona."

Njia ya zamani ina kona kumi na moja.

"Akawa anahesabu. Ya kwanza, ya pili. Mpaka ya saba mtoto alikuwa anacheza, nilimsikia kabisa. Baada ya ya saba sikumsikia tena. Nikamwambia shangazi asihesabu."

Safari ya saa mbili ilichukua karibu saa tano. Jovanisi alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa akiwa ameshakufa. Wakati wa kurudi, wanaume wale wale waliubeba mlango, na mtoto akabebwa na bibi yake ndani ya shuka.

Je, anamlaumu Perusi? Jovanisi anaacha kumenya.

"Yeye si mvua. Si yeye aliyeporomosha kilima. Lakini nikisema sijawahi kuwaza, nitakuwa nakudanganya. Nimewaza. Kuna siku nilisikia sauti yake sokoni, nikageuka nikarudi nyumbani bila chumvi."

Taarifa hiyo ya chumvi ilimfikia Perusi. Tangu hapo alishusha sauti. Mnada wa mavuno uliofuata alikaa kiti cha nyuma, na mwinjilisti alipomwita jina akatikisa kichwa. Mnada ulifanywa na mwalimu mkuu. Jogoo aliuzwa mara moja tu.

"Miezi tisa nilijiambia, kesho nitakwenda Kampala nikaiombe," anasema. "Kesho, kesho. Nilikuwa naogopa nauli, naogopa mji, naogopa yeye ataniambia nini. Kumbe nilichokuwa naogopa hasa ni kuiona."

Agosti iliyopita akauza kondoo mmoja, akapanda basi, gunia la viazi likiwa zawadi.

Bwana Arinaitwe alimpokea vizuri, kwa chai na mayai. Kisha kwa furaha akampeleka ukumbini. Engozi ilikuwa imepigwa misumari ukutani, vyungu vya maua vimepangwa ndani yake. Mipini yake ilikuwa imekatwa kwa msumeno, pande zote mbili, ili iingie kati ya dirisha na friji.

"Wageni wanaipenda ajabu, nyabo," alimwambia. "Kila mtu lazima apige picha."

Perusi anasema alikaa chini bila kukaribishwa.

"Sebo, nimekuja kuiomba."

"Kuiomba? Si niliinunua?"

"Uliinunua, na Mungu akubariki, barabara tuliipata. Lakini kwetu kitu kama hicho mtu hununua, akakirudisha. Tulidhani unajua."

Alimweleza yote, mvua, mlango, kona ya saba. Bwana huyo, mwenye miaka hamsini na miwili, alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya ukingo wa engozi. Alipozungumza, hakufoka. Perusi anasema afadhali angefoka.

"Hii ndiyo iliyombeba baba yangu mara ya mwisho," alisema. "Niliinunua kwa ajili yake. Ningejuaje? Hakuna aliyenifundisha. Nyabo, kwa nini hukuniambia pale pale? Ulikuwa na kipaza sauti mkononi."

Perusi anasema: "Nimelitafuta hilo jibu kwenye basi usiku kucha. Mpaka leo silijui."

Bwana Arinaitwe aling'oa misumari kwa mikono yake mwenyewe. Engozi ikarudi kilimani juu ya basi, mipini mifupi kama mikono ya mtu aliyejikunyata. Haikufaa tena kubebea mtu. Mianzi ilikuwa imeoza na kupasuka kwa kumwagiliwa maua, na ukiikandamiza inalia.

Ila ilifaa kutazamwa. Yokana Kabeera, mfyatua matofali wa miaka sitini, ndiye peke yake aliyewahi kusaidia kusuka engozi, enzi za ujana wake, akiwa na mjomba wake.

"Mjomba alinifundisha kila kitu isipokuwa fundo la mwanzo," anasema Yokana, akiwa amekaa juu ya tofali na miguu imenyooshwa kuizunguka kazi yake. "Alikuwa analifunga akiwa amenipa mgongo. Mzee mchoyo yule! Sasa nimemkamata." Ilimbidi aifumue engozi ya zamani upande mmoja, kamba kwa kamba, hadi akalikuta fundo lenyewe.

Fundo limepatikana, lakini kusuka kunataka mianzi iliyokomaa, kamba, na mikono. Ndipo Desemba Perusi akasimama tena mbele ya kanisa, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Mwinjilisti akampa kipaza sauti. Akakiweka juu ya meza.

"Sitaki shilingi," alisema, na watu wa nyuma wakalazimika kusogea mbele ili wasikie. "Nataka siku. Nani atatoa siku yake moja akate mianzi? Nani atatoa siku asokote kamba? Na nataka kila nyumba itoe mwanamume kwa zamu, jina lake liandikwe hapa hapa."

Kisha mzee mmoja wa mabenchi ya kulia akaguna, "Haya, nyabo umepandisha bei leo! Shilingi ni rahisi, siku yangu nitaitoa wapi?"

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho mtu akanyoosha mkono. Mpaka mwisho wa ibada ziliandikwa nyumba arobaini na moja kati ya sitini na mbili. Nyumba ya kumi na tatu kuandikwa ilikuwa ya mpwa wake. Jovanisi ndiye aliyemsukuma mumewe kwa kiwiko. "Nyoosha mkono, wewe. Unangoja nini?"

Jovanisi ni mjamzito tena. Wauguzi wamemwambia Aprili, na Aprili kilimani ni maji matupu. Barabara ilizibuliwa, lakini juu ya kona yake kubwa kuna ufa ambao watoto huingiza mkono mzima. Kila anayepita huutazama, kisha hutazama anga.

Kwa hiyo Yokana anasuka kila jioni anapotoka kwenye matofali. Ukingo wa kushoto umekamilika, wa kulia unakaribia. Perusi hupita kila akitoka sokoni, anasimama hatua kadhaa kutoka kwenye kazi.

"Simama huko huko," Yokana humtania. "Usije ukaiuza kabla haijakauka."

Mara ya kwanza alipotania hivyo, wanasema, watu waliokuwa karibu walishusha macho. Halafu Perusi akacheka, kicheko chake cha zamani, kile cha kufukuza mbuzi, akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa ncha ya kitambaa, na haikujulikana vizuri ni machozi ya namna gani.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya kuijaribu, hata kabla ya ukingo wa pili kumalizika. Mipini mipya ilitiwa. Ndani hakulazwa mtu, liliwekwa gunia la viazi la Perusi, kilo themanini kamili. Wanaume wanne wakainua, mianzi ikalia kidogo, ikanyamaza.

Wakasimama pale, wakitazamana. Hakuna aliyekuwa anajua nani atangulie kuita. Aliyekuwa akiifanya kazi hiyo zamani alikwisha kufariki, na siku zote ilikuwa kazi ya mwanamume.

"Nikamwuliza mwenyekiti, sebo, mwanamke haruhusiwi kushika mpini, najua. Na kuita je?" Perusi anasema. "Akakuna ndevu. Akasema, hilo hatukuwahi kulikataza, maana hakuna mwanamke aliyewahi kuliomba."

Mpango wake sasa ni mmoja. Kila siku engozi itakaposhuka, kuanzia ile ya Aprili kama itahitajika, atatangulia yeye. Sokoni amekwisha kumwomba Mama Aheebwa amtazamie meza. Ameyakariri majina ya nyumba zote arobaini na moja, kwa mpangilio wa njia, na huyarudia akichambua viazi.

"Bei sitaji tena maishani," anasema. "Nitataja majina. Nyumba ya Fulani, tokeni! Nyumba ya Fulani, pokeeni! Na Mungu akinijalia, nimpigie kelele huyo mtoto mpaka azaliwe amekasirika."

Jumamosi hiyo Jovanisi hakutoka kwenda kutazama. Alibaki kibarazani na mkono juu ya tumbo. Gunia lilipoanza kushuka, sauti ya shangazi yake ikapasuka kule juu, kubwa, kavu kidogo kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, ikiita nyumba ya kwanza. Mlango ukafunguliwa. Wanaume wakajibu.

Jovanisi akawa anahesabu kona kwa midomo. Ya tano. Ya sita. Ya saba.

Hapo akaacha kupumua, anasema, akasikiliza.

Sauti ikaita nyumba ya kona ya nane.